Ndoa za Kimila Mbele ya Hakimu

Mwaka 1917, katika nchi ambayo leo ni Kenya na ambayo wakati huo Waingereza waliiita Himaya ya Afrika ya Mashariki, mtu mmoja jina lake Amkeyo alishtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi. Ushahidi uliomlemea ulitolewa na mwanamke aliyekuwa mkewe kwa mila za kwao. Sheria ya ushahidi iliyotumika nchini humo, ambayo wakoloni waliichukua Bara Hindi, ilikuwa na kinga kwa maneno ya unyumba: aliyoambiwa mke na mumewe katika ndoa yao hayatolewi mahakamani. Kwa hiyo likazuka swali lililokuwa kubwa kuliko hiyo mali iliyoibwa. Je, mwanamke huyu ni mke?

Jaji Mkuu Hamilton alijibu kuwa si mke. Alisema kuwa katika uhusiano wa namna hiyo mwanamke hakuwa mtu huru afanyaye mapatano kwa hiari yake, ila alikuwa kama kitu kilichonunuliwa. Tena mwanamume aliweza kuongeza wake wengine kadiri ya uwezo wake. Kwa maoni yake jambo hilo lilistahili kuitwa ununuzi wa mke, na jina la ndoa lilikuwa heshima lisiyostahili kupewa.

Msomaji na atue hapa kidogo, apime uzito wa maneno hayo. Kwa hukumu moja iliyotolewa katika shauri la mali ya wizi, babu zetu na bibi zetu waliooana mbele ya koo mbili, wakazaa, wakalea, wakazikana, walihesabiwa machoni pa mahakama hiyo kuwa ni watu waliokaa pamoja tu. Hukumu hiyo ilifuatwa kwa miaka mingi. Ni mwaka 1963 ambapo Sheria ya Ushahidi ya Kenya iliandika wazi kwamba maneno mume na mke yanawahusu pia waliooana kwa mila, na hiyo ilikuwa miaka arobaini na sita baada ya shauri la Amkeyo.

Hatuandiki habari hii kwa ajili ya kumlaumu marehemu Jaji peke yake. Lazima tukiri kuwa katika lawama zake ipo chembe iliyotuuma, kwani walikuwapo mabinti waliotolewa bila kuulizwa, na hilo tutalirudia. Kosa lake kubwa, kwa maoni yetu, lilikuwa jingine. Aliitafuta ndoa mahali asipoweza kuiona. Alizoea ndoa inayofungwa siku moja, saa moja, kwa maneno machache na sahihi mbili katika kitabu. Na alipokosa siku, saa na kitabu, akaona hapana ndoa.

Ndoa ya kimila haifungwi namna hiyo. Huanza na mtu mmoja kutumwa, na kwa Kiswahili tunamwita mshenga. Yeye hupeleka posa, hurudi na jibu, hupeleka neno jingine, na kwa muda wote huo mdomo wake ndio daraja la jamaa mbili. Kwa Wasukuma na makabila mengine ya wafugaji ng'ombe hukaguliwa na kuhesabiwa mbele ya wawakilishi wa pande zote mbili. Ng'ombe dhaifu hukataliwa, na wanaokubaliwa hujulikana kwa rangi na kwa umri, hata miaka ishirini baadaye wazee waweza kutaja ni yupi aliyekufa njiani na ni yupi aliyezaa. Kwa Wachaga alikuwapo mkara, ambaye kazi yake haikuisha siku ya arusi: aliendelea kuwa mlezi wa ndoa ile, na ugomvi ulipotokea nyumbani yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Kwa Wahaya na Wachaga pombe iliyonywewa ilikuwa na maana yake. Mtu hakunywa kwa sababu ana kiu. Alikunywa ili kesho asiweze kusema kuwa hakuwapo. Pwani nako, ijapokuwa ndoa yenyewe hufungwa kwa sheria ya Kiislamu, mila haikukaa nje: kilemba cha baba na mkaja wa mama vilidaiwa na kutolewa, na mshenga alikuwa yule yule.

Makabila yafuatayo ukoo wa mama, kama vile Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wa kusini, yalikuwa na njia tofauti kabisa. Huko aghalabu mume ndiye aliyehamia kwa mkewe, akajenga, akalima shamba la wakwe, na mjomba wa mke akamtazama kama ni mtu wa kazi. Jaji aliyetafuta ng'ombe angalirudi mikono mitupu. Lakini kila mtu kijijini alijua ni kijana gani aliyejenga nyumba ile na kwa nini.

Ndiyo kusema kwamba kila hatua ya sherehe ilikuwa na shahidi wake. Tukitumia lugha ya ofisini, sherehe ilikuwa ndiyo hati, ila iliandikwa katika vichwa vya watu. Wajomba, shangazi, mshenga na majirani walikuwa kurasa zake. Hati ya namna hiyo ina ubora wake, kwani haichomwi moto wala haighushiwi na karani mmoja. Ina na upungufu wake pia: hufa pamoja na wazee, tena yaweza kunyamazishwa kwa hofu au kwa ulafi. Upungufu huu ndio uliojaa katika mashauri ya ndoa hadi leo.

Tanganyika chini ya Waingereza ilikuwa na mahakama za namna mbili. Amri ya Serikali ya Uingereza ya mwaka 1920 iliziagiza mahakama ziongozwe na sheria za wenyeji, ila tu zisipokuwa kinyume cha haki na maadili. Msomaji mwepesi atauliza mara moja: haki na maadili ya nani? Jibu lilitolewa mwaka 1938 katika shauri lililotoka kwa Wanyaturu, lililohusu ng'ombe wa baba waliokamatwa kwa kosa la mwanawe. Jaji alisema kipimo ni haki na maadili ya Kiingereza. Kwa hiyo ndoa ya kimila iliishi maisha mawili. Katika mabaraza ya wenyeji, mbele ya watemi, mangi na majumbe, ilikuwa ndoa kamili, na kesi zake za mahari, ugoni na watoto ndizo zilizoyajaza mabaraza hayo. Lakini ilipopanda kwenda mahakama za Wazungu ilisimama mlangoni kama mgeni asiye na cheti. Mwaka 1957 Baraza la Wafalme la London, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho kwa nchi yetu, lilikubali katika rufani iliyotoka Tanganyika kwamba mume na mke waliooana kwa Kiislamu ni mume na mke mbele ya sheria ya jinai pia, ijapokuwa ndoa yao yaruhusu wake wengi. Ufa ulikuwa umeingia katika ule ukuta wa mwaka 1917.

Baada ya Uhuru kazi ya kwanza ilikuwa kuziunganisha mahakama, na ya pili kuziandika mila. Kazi hii ya pili iliongozwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria ambaye alikwisha kuandika juu ya sheria za Wahaya na za Wasukuma wakati wa ukoloni, naye alifariki mwaka 1962 kabla ya matunda yake kutangazwa. Mwaka 1963 Tangazo la Serikali Na. 279 lilitoa kanuni za mila juu ya mahari, ndoa, talaka na hali ya watoto, na Tangazo Na. 436 likatoa kanuni za ulezi, urithi na wosia. Kanuni hizo zilihusu makabila ya Kibantu yafuatayo ukoo wa baba. Makabila ya ukoo wa mama yaliachwa nje, na mahakama ziliendelea kuzitafuta mila zao kwa kuwauliza wazee.

Kazi ile ilikuwa kubwa, nasi tunaiheshimu. Hata hivyo haifai kuficha kuwa mila iliyoandikwa si ile ile iliyosemwa. Mila iliyomo kinywani hubadilika na watu. Iliyomo katika Tangazo hungoja Waziri. Tena wazee walioulizwa walikuwa aghalabu wanaume, nao walisema mila kama wanaume wanavyoikumbuka.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa mapendekezo yake juu ya sheria moja ya ndoa, ili wananchi wayajadili, na tarehe 1 Mei 1971 Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka huo, ikaanza kutumika Tanzania Bara. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba sehemu kubwa ya sheria hiyo ilitokana na muswada ulioandaliwa Kenya na tume iliyoongozwa na Jaji Spry. Wenyewe Kenya waliukataa Bungeni mara kadhaa, ilhali sisi tuliuchukua, tukaurekebisha, tukaupitisha. Mbegu iliyokataliwa na shamba lake ikaota kwa jirani.

Kwa hoja yetu, jambo kubwa la sheria hiyo limo katika kifungu cha 25. Hapo zimetajwa njia za kufunga ndoa: kiserikali, kidini, na, kwa watu wa jamii zifuatazo mila, kwa taratibu za mila. Zote zimewekwa katika kifungu kimoja, na hakuna iliyo mtoto wa kambo. Aliyeolewa kwa ng'ombe na pombe ya mtama na aliyeolewa kwa pete na kengele ni wake wawili wenye haki zile zile za matunzo, za mali na za ulezi wa watoto. Kifungu cha 41 kikaenda mbali zaidi: ndoa iliyotimiza masharti makuu ya Sheria haiharibiki kwa sababu ya mila ya mahari kutotimizwa, wala kwa sababu haikuandikishwa.

Masharti makuu hayo ndiyo yaliyojibu ile lawama ya Hamilton. Sheria inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu muda wa maisha yao, na kwamba kila mmoja lazima aridhie kwa uhuru. Baba kupokea ng'ombe hakutoshi; binti naye lazima awe amekubali. Hivyo mila ilipokelewa, lakini ilipokelewa baada ya kuvuliwa viatu mlangoni.

Sasa tutoke katika vifungu twende mahakamani, kwa maana huko ndiko maneno haya yanakopimwa. Tuchukue mfano usio wa mtu yeyote, lakini ambao kila hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ataujua. Mwanamume na mwanamke wamekaa miaka kumi na miwili. Mshenga alitumwa, posa ikapokelewa, mahari ikakubaliwa kuwa ng'ombe saba. Watatu wakatolewa, wanne wakaahidiwa. Binti akasindikizwa na shangazi zake, ngoma ikachezwa. Wamejenga nyumba ya bati, wana watoto wanne na shamba la pamba. Kisha mume akaona mwingine. Mke anapokwenda kudai talaka na fungu lake katika mali, mume anasimama na kusema kwa sauti tulivu: "Mheshimiwa hakimu, mimi huyu sikumwoa. Mahari haijaisha. Kwa mila zetu mwanamke ambaye mahari yake haijaisha si mke."

Hapo ndipo mila inapogeuzwa kisu cha kumchinjia yule yule iliyewekwa kumlinda. Mume ndiye aliyedaiwa ng'ombe wanne. Mume ndiye aliyeacha kuwalipa. Na sasa deni lake mwenyewe analifanya ushahidi wa kumfukuza mke. Hakuna mzee mwenye busara, wa kabila lolote tulijualo, aliyepata kufundisha kuwa mdaiwa hufaidika na deni lake. Wakwe hawakuwa wakisema "binti yetu hajaolewa". Walikuwa wakisema "mkwe wetu ana deni", na ni tofauti kubwa. Deni hilo liliweza kukaa muda mrefu, hata watoto wakakua, na kuwapo kwake kulikuwa kamba inayozifunga koo hizo mbili zisiachane. Kukimaliza kidani cha mwisho haraka haraka kwingine kulionekana hata kuwa ni kiburi.

Mume huyo asingepata msaada katika kifungu cha 41. Lakini mke naye bado ana mzigo: lazima athibitishe kuwa taratibu za mila zilifanyika na kwamba yeye aliridhia. Cheti hana. Kitabu cha serikali hakina jina lake. Atawaita nani? Baba yake yamkini amekufa. Mshenga amehamia mbali, au ni jamaa wa mume na sasa amesahau ghafula. Shangazi waliomsindikiza ndio waliobaki, na kwa bahati mbaya tumewahi kusikia ushahidi wa wanawake wazee ukisikilizwa kwa kutabasamu, kana kwamba wanasimulia hadithi. Na wao ndio waliokuwamo chumbani! Ikiwa yuko mtu ajuaye kama binti alikubali au alilia kwa kulazimishwa, ni hao.

Kwa miaka mingi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo alikaa na wazee washauri, na shauri likaendeshwa kwa Kiswahili. Utaratibu huo ulikuwa na faida ambayo pengine haikuthaminiwa vya kutosha. Mshauri aliyeijua mila hakuanza kwa kuuliza tarehe ya ndoa. Aliuliza: nani alikuwa mshenga? Ng'ombe walipita njia gani? Binti alipokwenda kujifungua mtoto wa kwanza, nani alipeleka kuni na unga? Mume alipofiwa na baba, mke alikaa upande gani wa matanga? Maswali ya namna hiyo mwongo hayawezi, maana mtu aweza kubuni siku moja ya arusi lakini ni vigumu kubuni miaka kumi na miwili ya ukwe.

Kwa wale ambao hawakufanya sherehe yoyote, Sheria ilifungua njia nyingine katika kifungu cha 160, iitwayo dhana ya ndoa. Mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wamekaa pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, mahakama hudhani kuwa wameoana kihalali. Vijana wengi husema ni miezi sita. Si kweli, nasi hatujui waliitoa wapi. Tena watu husahau neno dhana. Dhana yaweza kukanushwa kwa ushahidi, na ikikanushwa hapana ndoa, ingawa hata hapo mahakama yaweza kuamuru mwanamke apewe matunzo na kutoa amri juu ya watoto. Aliyekaa miaka miwili bila sherehe amesimama juu ya dhana. Aliyepitia mila amesimama juu ya ndoa. Kwa sababu hiyo twaona si vema mwanamke aliyetolewa kwa mila, mbele ya koo mbili, akimbilie kifungu cha 160 kwa kuwa tu hana karatasi. Anaacha kiti chake na kwenda kukaa kwenye mkeka wa wageni.

Liko shimo moja ambalo wengi hulitumbukia bila kujua. Mwanamume aliyefunga ndoa ya mke mmoja, kama ile ya kanisani, hana uwezo wa kufunga nyingine wakati ndoa hiyo ingalipo. Akienda kijijini akapeleka posa, akatoa ng'ombe, akakabidhiwa binti kwa shangwe zote, sherehe hiyo ni batili mbele ya Sheria hata kama haikukosa kipengele kimoja cha mila. Wakwe hawakuwa na habari ya cheti kilicho katika sanduku mjini. Ukweli huja kujulikana siku ya msiba, wanawake wawili wanapokutana mbele ya jeneza moja, na yule wa kijijini anaambiwa kuwa hakupata kuwa mke. Mila zilikuwa na njia ya kuzuia udanganyifu huo, nayo ilikuwa kuuliza habari za mkwe kwa majirani zake. Lakini majirani wa siku hizi wako maili mia nne.

Kuhusu mali, jina la Bi Hawa Mohamed linastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa mambo ya jamii. Ndoa yake haikuwa ya kimila, lakini hukumu iliyotolewa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliwagusa wake wote. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani, yaani kupika, kufua na kulea, ni mchango katika mali iliyopatikana wakati wa ndoa, ili mke apate fungu wanapoachana. Mahakama Kuu ilikuwa na majaji waliosema ndiyo na waliosema hapana. Mahakama ya Rufani ikasema ndiyo. Wasomaji wengi hawaambiwi mwisho wa habari: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, naye akazitapanya. Aliwashindia wengine shauri ambalo yeye mwenyewe alilishindwa.

Mwanamke wa mfano wetu, basi, akithibitisha ndoa yake aweza kusimama juu ya hukumu hiyo na kudai fungu katika ile nyumba ya bati na lile shamba la pamba. Lakini tubadili mfano kidogo. Tuseme mume hakumwacha, ila amekufa. Hapo kuthibitisha kuwa yeye ni mke wa kimila kwaweza kumwingiza katika kanuni za urithi za mwaka 1963, na kanuni hizo zilisema kuwa mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Yaani talaka humpa mke kile ambacho mauti humnyima! Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililoletwa na wajane wawili, ilikiri kuwa kanuni za namna hiyo ni za ubaguzi, lakini ikasita kuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba haki za wajane hao zilivunjwa. Sisi tunaopenda kusifu utamaduni wa taifa hatuna budi kulitazama jambo hili bila kupepesa. Kutunzwa na watoto kulikuwa ni haki wakati ambapo watoto, shamba na ukoo vilikaa mahali pamoja. Kanuni iliandikwa, ukoo ukatawanyika, kanuni ikabaki imekaa palepale.

Ipo pia mila ambayo Sheria haikuweza kuipokea kabisa. Wakurya wa Mara wana desturi iitwayo nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Sherehe hufanyika, mahari hutolewa, mashahidi wapo. Lakini kwa kuwa Sheria inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, mapatano hayo hayamo. Inapotokea kwamba mwanamume aliyemzaa mtoto anajitokeza kumdai, na yule bibi aliyetoa ng'ombe anasema mtoto ni wa nyumba yake, mahakama hutazama zaidi maslahi ya mtoto, na ng'ombe wa bibi hubaki bila jina la kisheria. Hatusemi Sheria ilipaswa kufanya vinginevyo. Tunasema tu kwamba wakati wazee wanasikia neno ndoa za kimila zimetambuliwa, wako wanaodhani ni zote.

Kabla ya kufika kwa hakimu kudai talaka, wanandoa kwa kawaida hupita kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na hapo mara nyingi mshenga na wazee hupata tena nafasi yao ya zamani. Yale yanayosemwa barazani juu ya namna ndoa ilivyofungwa husaidia sana baadaye, kwani watu hawajaanza bado kusema kwa ajili ya kushinda kesi.

Limebaki suala la kuandikisha. Sheria ya 1971 iliwaagiza waliooana kwa mila waombe kuandikishwa ndani ya siku thelathini baada ya ndoa, ingawa kutoandikisha hakuibatilishi. Agizo ni zuri, lakini siku thelathini huhesabiwa kuanzia lini? Posa ilipopokelewa? Ng'ombe wa kwanza alipoingia zizini? Binti alipovuka kizingiti? Kenya, walipofika kwenye Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 2014, walisema taarifa itolewe ndani ya miezi mitatu tangu kukamilika kwa sherehe au hatua zinazotakiwa na mila, na kwamba pale mahari inapotakiwa ili kuthibitisha ndoa, kutoa kiasi kidogo cha ishara kunatosha. Neno hatua limeingia katika sheria, na twaliona kuwa ni neno lililochaguliwa vema, ingawa bado mahakama za huko husumbuka kuamua kama kwa Wakikuyu ndoa yaweza kuwa kamili kabla ya ngurario, siku ya kuchinjwa kwa kondoo dume.

Sisi tuliopata kushika madaftari ya serikali wilayani twakumbuka wazee waliofika na watoto wao kuandikisha ndoa za miaka mingi nyuma, kwa sababu mtoto alihitaji karatasi za shule au mume alikuwa mgonjwa. Karani hufika kwenye nafasi ya tarehe ya ndoa, huinua kalamu, huuliza. Mume humtazama mkewe. Mke hufikiri, kisha hujibu kwamba ilikuwa baada ya mavuno ya mtama, mwaka ule mto ulipofurika, ng'ombe wa pili alipokwisha kufika na kaka yake mkubwa bado hajafa. Nafasi katika fomu ina upana wa vidole vitatu.